Mkono Uliokamatwa na Kalamu

Kwa miaka sita niliandika kwa mwandiko wa mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa mwalimu mwenzangu katika shule ya msingi pale Nyakabanda, mjini Kigali, na jina lake silitaji. Watoto walimwita Mwarimu, kwa Kinyarwanda. Sisi walimu wengine tuliitwa kwa masomo yetu au kwa majina ya watoto wetu, mimi nikiwa Mama Keza, lakini yeye jina la kazi lilimtosha. Nami nitamwita Mwalimu.

Nilihamia Kigali nikitokea upande wa Bukoba, ambako wazazi wangu walikuwa wameishi tangu ujana wao, na nikapewa kufundisha Kiswahili. Siku ya kwanza katika chumba cha walimu mzee mmoja mwembamba, shati limefungwa vifungo kombo, aliniomba kwa adabu nimpe karamu. Nilimjibu kwamba mimi ni mgeni, sijui kama kuna sherehe. Akanitazama kidogo, kisha akainua vidole vitatu akaandika hewani. Alikuwa anataka kalamu. Hakucheka, wala mimi sikucheka. Lakini tangu siku ile kila alipotaka kalamu kwangu alisema kwanza karamu, akasubiri, halafu akajisahihisha. Huo ulikuwa utani wake mmoja, na aliutunza kwa miaka.

Wakati huo mwandiko wake ulikuwa unajulikana kuanzia shuleni kwetu mpaka Biryogo alikokaa. Vyeti vya watoto waliomaliza darasa la sita aliviandika yeye, jina baada ya jina, kwa wino mweusi. Kadi za harusi za majirani aliziandika yeye, na orodha za bei kwenye migahawa ya mtaani kwake pia. Nimeingia nyumba ambazo hazina picha hata moja ukutani, ila cheti cha mtoto kimewekwa fremu, na mwenye nyumba akikuonyesha hakuonyeshi alama. Anakuonyesha herufi. R ya Mwalimu ilikuwa na mguu mrefu unaopita chini ya herufi inayofuata, kama mtu anayenyoosha mguu akiwa ameketi mkekani. Ungeiona popote ungejua ni yake.

Mtu wa herufi safi namna ile ungedhani kila kitu chake kilikuwa safi. Sivyo. Meza yake ilijaa vumbi la chaki, maganda ya karanga na madaftari ya mwaka juzi. Aliweza kumrudishia mtoto ukurasa mzima kwa sababu ya g moja iliyolala vibaya, na yeye mwenyewe akaingia darasani kamba ya kiatu ikiburuzika. Alihubiri subira kuliko sheikh, lakini foleni ilimshinda. Akiona watu wanne mbele yake dukani, aligeuka akaenda zake bila sukari.

Somo lake la mwandiko nililihudhuria mara nyingi, nikijifanya nasahihisha kazi nyuma ya darasa. Aliwaambia watoto kwamba herufi ni barabara ya mlimani. Moto, ile pikipiki ya abiria, inayoshuka Nyamirambo inakwenda kasi pale palipo sawa, ikifika kwenye kona inapunguza, na dereva asiyepunguza anaishia mtaroni. Mkono nao uko hivyo. Kwenye mstari ulionyooka unakimbia, kwenye mviringo unakwenda taratibu. "Mkono mwenyewe anajua," alisema. "Wewe usimkatalie." Kiswahili chake kilikuwa hicho cha Kigali, mkono kwake alikuwa mtu.

Mara moja, mvua ilipokuwa imeacha udongo laini uwanjani, aliwatoa darasa zima nje, akavua kiatu na soksi, akaandika jina lake chini kwa kidole gumba cha mguu. Herufi zilikuwa kubwa na zenye kutetemeka, lakini zilikuwa zake, na R ilinyoosha mguu wake kama kawaida. Kisha akachovya kiwiko kwenye maji ya chaki akaandika ukutani. Yakawa yale yale. Watoto walikuwa wanapiga kelele kwa furaha. Akawauliza mguu umesoma shule gani, kiwiko kimefundishwa na nani. Msichana mmoja akajibu kwamba ni yeye Mwalimu aliyevifundisha. Akasema hapana, yeye hajawahi kufundisha mguu kitu. Akajigonga paji la uso. Mwandiko unakaa huku, aliwaambia, mkono unatumwa tu.

Sijui kama alikuwa ameshaanza kuumwa siku ile. Baadaye nilipomuuliza alisema dalili za kwanza zilikuwa ndogo, akadhani ni uchovu.

Mimi niligundua mwisho wa muhula mmoja, mchana, wenzetu wamekwenda kula. Mwalimu alikuwa amebaki na buletini za wanafunzi wake, zile karatasi za matokeo ambazo kila mzazi huzisubiri. Niliingia kuchukua mwavuli nikamkuta ameinamia karatasi, na mkono wake wa kulia ulikuwa umejikunja kama nguo inayokamuliwa. Kidole gumba kilikuwa kimeingia ndani ya kiganja. Kifundo kilipinda kuelekea tumboni. Kalamu ilikuwa imetoboa karatasi, na bado alikuwa anasukuma. Jasho lilimtoka.

Nilidhani amepatwa na kiharusi. Nikamshika bega nikamwambia nakwenda kuita watu. Akaiachia kalamu, na papo hapo vidole vikafunguka. Akachukua chungwa lililokuwa mezani akalimenya mbele yangu, ganda moja refu lisilokatika, akanipa nusu. Akafungua vifungo vya shati akavifunga upya, safari hii sawasawa. Kisha akashika tena kalamu, na kabla ncha haijagusa karatasi mkono ukajikunja.

"Mkono iko mzima," alisema. "Ni karamu ndiyo inamkamata."

Safari ile hakujisahihisha.

Aliniambia ni mwaka wa pili. Ubaoni hakuna aliyejua, kwa sababu chaki ilikuwa haimsumbui. Ubaoni mtu anaandika kwa bega, bega halikuwa na neno. Ilikuwa kalamu peke yake, na karatasi peke yake. Alikuwa amesahau miwani mara nyingi kwa makusudi. Alikuwa amesingizia wino kukauka mara nyingi. Alibeba kazi nyumbani na kuziandika alfajiri, akipumzika baada ya kila neno, na buletini arobaini zilimchukua wiki mbili. Sasa zilibaki siku tatu na alikuwa ameandika tisa.

Nilimwambia amwambie mkuu wa shule. Akasema mwalimu wa mwandiko asiyeandika ni kitu gani? Hakusema kwa hasira, aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujibiwa. Nikakaa, nikavuta karatasi moja, nikaangalia zile tisa zake, nikaandika ya kumi kwa kuigiza. Aliitazama kwa muda mrefu. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaondoka bila kuaga. Kesho yake alikuja na karatasi zote thelathini na moja akaziweka mbele yangu.

Alama zilikuwa zake. Nataka hilo lieleweke. Kila namba na kila neno la maoni alinisomea yeye, na hakumwongezea mtoto hata nusu. Mkono tu ndio haukuwa wake.

Za muhula ule zilipita, lakini ile ya kumi ilikuwa mbaya, aliniambia, na ndiyo maana aliichukua. Nilikuwa nimeichora. Anayeigiza mwandiko huchora herufi moja moja, mstari wake unatetemeka kwenye kona na mwenye jicho anamwona mara moja. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi nikawa nakwenda kwake Biryogo kujifunza. Nilipita ile barabara iliyofungiwa magari, watu wakinywa chai kwenye meza za nje, nikaingia kichochoro cha mafundi cherehani mpaka kwenye sebule yake ndogo. Mkewe alikuwa anashona kanzu dirishani. Yeye alijua kila kitu na alinikaribisha kama binti, ila hakuniangalia usoni nilipokuwa nashika kalamu.

Mwalimu alinifunga macho kwa kitambaa. Akaniambia niandike jina lake mara mia bila kuona, nisikilize tu mwendo: kasi hapa, taratibu hapa, inua, shuka. "Usichore," alinirudia. "Ukichora watakushika. Andika." Aliweka kidole chake nyuma ya kifundo changu akawa anakisukuma kidogo pale nilipochelewa. Kidole chake hakikutetemeka hata kidogo. Niliusikia mwandiko wake ukipita kwenye kidole kile, mzima kabisa, ukishindwa tu njia ya kutokea.

Wiki ya tano au ya sita alichukua karatasi yangu akaipeleka kwa mkewe. Mama akaitazama, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Umepona?" Mwalimu akanionyesha kwa kidevu. Yule mama akarudi kwenye cherehani, na siku ile hakutuletea chai.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake kuhusu ule mkono, yaani wale wachache waliojua. Mkewe aliamini ni jicho, kwa sababu watu walikuwa wamesifu mno. Mwalimu alisomewa dua mara kadhaa, akanywa maji yaliyosomewa, na alisema yalimtuliza moyo ingawa hayakuufikia mkono. Muuguzi mmoja alimpa vidonge vya vitamini na dawa ya kuchua. Mwalimu mwenyewe alitafuta hila. Alizungushia kalamu kitambaa ikawa nene kama gunzi la mahindi, na kwa siku kumi aliandika vizuri, akaja shuleni anatembea kama kijana. Kisha mkono ukajikunja tena. Akagundua kwamba akigusa mgongo wa kiganja kwa kidole cha mkono mwingine, vidole vinalegea. Hilo lilidumu karibu mwezi. "Mkono amejifunza hila yangu," aliniambia. Alikuwa anazungumza kama mtu anayecheza karata na mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Hatimaye nilimpeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Daktari alikuwa mwanamke kijana na hakuwa na haraka. Alimpa kalamu, akamtazama akishindwa. Akampa kijiko, akamtazama akichota maji bila kumwaga. Akampa sindano na uzi, Mwalimu akatunga mara moja. Ndipo akatueleza kwamba mkono hauna ugonjwa, mishipa yake ni mizima na misuli ni mizima. Shida iko kwenye ubongo, pale panapotoa amri za vidole. Kila kidole kina sehemu yake huko, na mtu akirudia harakati moja ndogo kwa miaka mingi sana, kwa wengine ile mipaka hufutika. Amri inayotumwa kwa kidole kimoja inaviamsha vyote, na vinavutana. Ipo sindano ya kulegeza misuli, inasaidia kwa miezi, kisha inarudiwa. Haiponyi.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. Akauliza swali moja tu: kwa hiyo kosa lake ni kwamba ameandika sana? Daktari akasema si kosa. Lakini hakuweza kusema hapana.

Sindano aliikubali mara moja. Vidole vililegea mpaka vikashindwa kushika hata chaki, na kwa wiki kadhaa akaukosa na ubao pia. Hakurudi tena.

Kwa hiyo tuliendelea. Nilikuwa nimeanza kama anayemsaidia mzee kuvuka barabara, na sasa sikuona ng'ambo. Kila muhula niliandika, na kila nilichoandika kilitufunga zaidi, kwa maana kama tungesema leo, tungeulizwa kuhusu jana na juzi. Vyeti vya darasa la sita vikawa kazi yangu. Mkuu wa shule aliviinua juu mbele ya wazazi akisema mwandiko wa Mwalimu unazidi kupendeza kadiri anavyozeeka. Mwalimu alisimama, akaweka mkono kifuani, akainama kidogo kushukuru. Aliporudi kukaa kando yangu nilikuwa namsikia anavyopumua.

Nyumbani kwangu pia mambo yaliharibika taratibu. Jioni moja mume wangu, fundi wa umeme, mtu mpole, alikuta karatasi jikoni: vitunguu, sabuni, dawa ya kikohozi ya Keza. Akaishika, akaniuliza ni mwanamume gani anatuandikia mahitaji ya nyumba. Nilicheka, nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Nikachukua kalamu nikaandika maneno yale yale mbele yake, naye akabaki ananitazama.

"Na ule mwandiko wa barua zako ulikwenda wapi?" aliniuliza.

Alikuwa na barua nilizomwandikia kabla hatujaoana, za kutoka Bukoba, amezihifadhi kwenye mkoba. Alipolala nilizitoa nikazitazama. Herufi ndogo, za mviringo, zilizoegemea nyuma. Nikajaribu kuzifuata. Neno la kwanza liliwezekana, la pili likawezekana nusu, na la tatu likaja na R iliyonyoosha mguu. Nilijaribu polepole nikawa nachora, na nilipoharakisha akatoka Mwalimu. Nikazirudisha barua mahali pake. Mume wangu sikumweleza kitu, kwa sababu siri haikuwa yangu peke yangu, na tangu hapo mahitaji ya nyumba nikawa nayasema kwa mdomo.

Yaliyotumaliza yalikuja mwisho wa mwaka wa sita, siku ya kuwaaga watoto. Mahema yalikuwa uwanjani, wazazi wamevaa vizuri, na mgeni wa heshima alikuwa mzazi mmoja mwenye cheo serikalini. Mkuu wa shule, kwa furaha tu, bila nia mbaya, alitangaza kwamba mwaka huu cheti cha mwanafunzi wa kwanza kitaandikwa hapo hapo, watu waone. Meza ikaletwa na kitambaa cheupe. Cheti kikawekwa. Mwanafunzi wa kwanza alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, alisimama kando ya meza ameshika mikono nyuma, anatabasamu.

Mwalimu alinitafuta kwa macho. Nilikuwa mstari wa pili, na kwenye kidole changu kulikuwa na doa la wino wa vile vyeti vingine thelathini na nane. Ningeweza kusimama. Ningeweza kusema anaumwa, ningeweza hata kuanguka chini nikajifanya nimezimia. Niliinamisha kichwa nikaangalia viatu vyangu.

Alikwenda, akaketi, akaandika herufi ya kwanza ya jina la yule mtoto. Ilitoka nzuri. Sijui aliipata wapi. Kisha kifundo kikageuka, kidole gumba kikaingia, na kalamu ikavuta mstari mweusi kutoka katikati ya cheti mpaka ukingoni, ikatoboa. Mwalimu akaiweka kalamu chini, akasimama, akasema kwenye kipaza sauti, "Leo mkono amekataa." Watu wakacheka na kupiga makofi, wakidhani ni utani wa mzee. Mgeni akasema uzee hauna dawa. Yule msichana peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia jina lake.

Kesho yake nilimwandikia cheti kingine na kumpelekea mwenyewe. Alikisoma, uso ukamng'aa, akaniuliza, "Mwarimu amepona?"

Nikamwambia ndiyo.

Mwalimu aliomba kustaafu kabla ya wakati wake. Nilimsindikiza siku ya kukamilisha karatasi kwa sababu mkewe alikuwa mgonjwa. Ofisa aliyetuhudumia alikuwa kijana mstaarabu, alimpa kiti, akamwonyesha mahali pa kusaini. Mwalimu akasema hawezi. Kijana akamtazama usoni, akatazama mikono, na nadhani alielewa alivyozoea kuelewa. Akafungua kidau cha wino, ule wa wasiojua kusoma, akakisogeza mbele yake kwa upole, akamwambia, "Bonyeza tu hapa, mzee, hakuna shida."

Nilitaka kusema huyu ni mwalimu. Mwalimu akanikanyaga mguu chini ya meza. Akabonyeza dole gumba kwenye wino, akabonyeza kwenye karatasi, mara tatu, nakala tatu. Nje palikuwa na bomba. Aliosha kile kidole kwa muda mrefu sana, akikisugua kwa mchanga, na watu waliokuwa wanasubiri maji hawakumharakisha.

Mkewe alifariki miezi michache baadaye. Binti yao mmoja, muuza vitambaa sokoni Kabuga, akamchukua akae naye. Mimi sikwenda. Nilituma salamu na nilipiga simu sikukuu za Idi, nikisema shule imenibana. Ukweli ni kwamba nilikuwa namkwepa, kwa sababu kila nilipoandika tarehe ubaoni nilimwona, na ilinitosha.

Nilikwenda mwaka jana, baada ya miaka mitatu, kwa kuwa aliniita. Alimwambia binti yake anipigie, aseme ni jambo la karatasi. Nilipanda basi Jumapili asubuhi. Nilimkuta kibarazani kwa binti yake, amepungua mwili, kanzu imefuliwa, mbele yake meza ndogo ya plastiki. Aliuliza habari za Keza, za mume wangu, za mvua ya Nyakabanda. Kisha akatoa bahasha.

Ndani kulikuwa na barua kwa mkuu wa shule. Mwandiko sikuutambua. Herufi zilikuwa kubwa, zimepishana urefu, mistari imepanda na kushuka, kama kazi ya mtoto wa darasa la kwanza anayejitahidi. Nilimuuliza nani amemwandikia. Akainua mkono wa kushoto.

Nilishangaa, kwa maana huyu ndiye aliyewahamishia watoto wa mashoto kwenye mkono wa kulia kwa zaidi ya miaka thelathini, akiamini anawasaidia. Aliona nilivyomtazama. Alisema amewafikiria hao pia, kila mmoja anayemkumbuka. Barua yenyewe ilimchukua siku kumi na moja.

Ilikuwa fupi. Ilisema buletini na vyeti vya miaka yake sita ya mwisho si mkono wake. Ilisema mkono wake ulikuwa umekufa kwa kalamu na yeye akaficha. Alama zote ni za kweli. Aliyemwandikia ni mwalimu mwenzake, kwa huruma, na kosa ni lake yeye.

Nilimuuliza kwa nini sasa, wakati hakuna anayeuliza. Akanionyesha nyumba ya jirani. Mle ndani kuna cheti ukutani, alisema, cha kijana aliyesoma kwetu. Kila anapofika mgeni, jirani humwita yeye aje asalimiwe, na kila mara anasifiwa ule mwandiko, na kila mara anaweka mkono kifuani. "Nimetoka shule," alisema, "lakini mimi bado iko ndani mle."

Akasema barua haitakwenda bila ruhusa yangu. Jina langu hakuliandika. Mimi bado nafundisha, nina mtoto wa kusomesha, naweza kusema hapana, na yeye ataichana mbele yangu na tutakunywa chai.

Nilijua yatakayonipata, na kwa kweli yalinipata: mkuu mpya wa shule aliisoma mara mbili, akaniita mbele ya kamati, nikapewa onyo la maandishi na kuondolewa darasa la sita nililolipenda. Vyeti havikuguswa, kwa kuwa alama zilikuwa sahihi. Mume wangu nilimweleza jioni ile ile niliporudi kutoka Kabuga, naye siku ya tatu akaniletea ule mkoba wa barua akauweka karibu yangu. Lakini hayo yote yalikuwa bado mbele. Pale kibarazani palikuwa na barua tu na mzee anayesubiri.

Nilichukua kalamu nikaandika jina langu kamili chini ya barua, penye maneno "mwalimu mwenzangu".

Mwalimu akaivuta karatasi, akaisogeza karibu na macho. Nilimwona anavyoelewa. Jina langu lilikuwa limekaa pale kwa mwandiko wake wa zamani, ule wa vyeti, safi, bila doa, na R yake imenyoosha mguu.

"Tangu lini?" aliuliza.

Nikamwambia tangu muda mrefu. Nikamwambia nimejaribu kuurudisha wangu na sijaupata.

Aliweka karatasi chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti, umetulia, mkono wa mtu mzima asiye na ugonjwa wowote. Akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nakuazima tu."

Binti yake alipita na sufuria ya maharage, akatutazama, akaingia ndani.

Nilifuta lile jina kwa mistari miwili. Nikaihamishia kalamu mkono wa kushoto. Nilikuwa sijawahi kuishika hivyo maisha yangu yote, na sikujua hata niegemeze wapi kiganja. Herufi ya kwanza ilianguka. Ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Bega liliniuma, ulimi ukanitoka nje kama mtoto, na sikuona mahali popote ambapo R yake ingeweza kupita. Mwalimu hakusogeza kidole. Nilipomaliza, jina langu lilikuwa limeshuka mlima mpaka pembeni mwa karatasi.

Aliligeuza upande wake akalitazama.

"Linasomeka?" nilimuuliza.

Akalisoma kwa sauti, lote, jina la baba yangu likiwemo.

"Inatosha," alisema, akaikunja barua, akanipa niipeleke.